Namna ya kumzoesha mtoto maziwa, mtindi na dagaa bila kugombana naye

Kabla hujamlaumu mtoto kwamba hapendi maziwa, ipigie hesabu sufuria ya chai ya asubuhi. Nyumba ya watu sita inapika chai lita mbili, na katika lita hizo mbili, nusu lita ni maziwa. Nusu lita hiyo ina miligramu 600 hivi za kalsiamu, yale madini ambayo wengi tunayaita chokaa. Mimina vikombe vinane vya mililita 250: kila kikombe kimebeba miligramu 75. Mtoto wa miaka minane anahitaji 700 kwa siku. Mzazi ataapa kwamba mwanawe anakunywa maziwa kila siku, na wala hasemi uongo, ila anachokunywa mtoto ni rangi ya maziwa.

Mtoto hanunui maziwa, hashiki pochi, haamui nani amiminiwe kwanza. Hayo yote yamo mikononi mwa mkubwa, na ndiyo yanayoamua mifupa itapata nini kuliko mawaidha yoyote ya mezani. Utafiti uliofanywa Marekani kwa wasichana wadogo na mama zao ulionyesha hivyohivyo: mama aliyekunywa maziwa mara kwa mara, bintiye naye aliyanywa, na soda akanywa kidogo. Mtoto anatazama kikombe cha mzazi, si mdomo wake.

Kiasi chenyewe

Viwango vya Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) ni hivi: mwaka 1 hadi 3, miligramu 500 kwa siku; miaka 4 hadi 6, 600; miaka 7 hadi 9, 700; kuanzia miaka 10 hadi 18, 1300. Angalia huo mruko wa mwisho. Mwili unapobalehe ndipo mifupa inapojaa kwa kasi kubwa, wasichana karibu na miaka 12 au 13, wavulana kwenye 14 hivi. Bahati mbaya ndiyo miaka ileile mzazi anayosema "huyu ameshakua, atajitengea mwenyewe", na mtoto anajitengea chai ya rangi na andazi.

Kwa kupima jikoni, kumbuka namba chache tu. Maziwa ya ng'ombe au mtindi, mililita 100 zina miligramu 120 hivi, kwa hiyo kikombe cha 250 kina 300. Unga wa ulezi, gramu 30 (vijiko vikubwa vitatu hivi), zina 100. Unga wa dagaa, kijiko kikubwa kimoja, 150 au zaidi. Sukuma wiki iliyopikwa, nusu kikombe, kama 100.

Fedha ni ileile, mgawanyo ndio ubadilike

Turudi kwenye ile nusu lita. Tuseme nyumba hiyo ina wazazi wawili na watoto wanne, na nusu lita ndiyo uwezo wa siku. Usiitie kwenye chai. Wakubwa wanywe chai ya rangi yenye tangawizi au mchaichai, na maziwa yachemshwe peke yake, yagawiwe watoto mililita 125 kila mmoja. Kila mtoto sasa anapata miligramu 150 badala ya 75, na hujaongeza hata shilingi. Tumia kikombe kimoja kupimia, ukipige alama ya wino au mkwaruzo pale 125 inapofika, ili yeyote atakayekuwa jikoni amimine sawa. Glasi za nyumbani hudanganya: ile nyembamba ndefu huonekana imejaa ikiwa na 180 tu.

Maziwa ya watoto yagawiwe kwanza, kabla ya ya wageni. Hili ni gumu kwetu, kwa kuwa heshima ya nyumba nyingi hupimwa kwa weupe wa chai ya mgeni. Basi yatenge ya watoto mapema, mgeni akute yaliyobaki.

Lakini hapa kuna mtego. Mzazi akinywa chai ya rangi miaka yote, mtoto atajifunza kwamba maziwa ni ya watoto, na siku akijiona mkubwa atayaacha. Dawa yake ni kuwa na chakula kimoja cha maziwa ambacho nyumba nzima inakula pamoja na kuonekana ikila, hata kama ni mara mbili kwa wiki: mtindi na ugali Jumatano usiku, mtindi na viazi Jumapili. Baba awepo na ale. Akisema "mimi hivi vitu vya kitoto siviwezi", amevuruga kazi ya mwezi mzima kwa sentensi moja.

Mezani: ukimya una nguvu kuliko kiboko

Makosa mawili yanarudiwa kila nyumba. La kwanza ni "maliza maziwa ndipo ukacheze". Mtoto anajumlisha haraka: kama kuna zawadi ya kuyamaliza, basi yenyewe ni mabaya. La pili ni kumwita jina mbele ya watu: "Huyu wangu maziwa hayataki kabisa." Akishapewa cheo hicho atakilinda.

Fanya hivi. Anza na kiasi kidogo, mililita 50, kwenye kikombe kidogo ambacho hakitishi. Weka mezani pamoja na chakula anachokipenda. Usimsifu akinywa, usimnunie akiacha. Akisema, "Mama, sitaki," mjibu tu, "Haya, kiache hapohapo," na uendelee kula na kunywa chako. Chakula kikiisha, ondoa kikombe bila neno. Kesho rudia. Watoto wengi huhitaji kuonjeshwa kitu kigeni mara 10 hadi 15 kabla ya kukikubali, na wazazi wengi hukata tamaa kwenye mara ya tatu au ya nne.

Panapoharibika ni pale mtoto anapokataa maziwa, kisha baada ya dakika tano analetewa juisi ya pakiti "asikae na njaa". Amefundishwa kwamba kukataa kunalipa. Mbadala uwe maji. Mzazi anaamua kipi kinawekwa mezani na saa ngapi. Mtoto anaamua atakunywa kiasi gani. Kila mmoja akibaki kwenye mpaka wake, vita huisha.

Kubalianeni pia na bibi, na dada anayesaidia kazi, kwa sababu mara nyingi wao ndio wanaomlisha mchana. Dada akiamini maziwa yasiyochanganywa na maji "yatamvuruga tumbo", atatia maji nusu kwa nusu kwa nia njema kabisa, na hesabu yako yote itakuwa ya nusu. Mweleze kwa upole kwa nini hutaki, mwonyeshe ile alama kwenye kikombe.

Kama tumbo kweli linavurugika

Sio kisingizio kila mara. Kadiri mtoto anavyopita miaka mitano hivi, miili ya wengi wetu hupunguza uwezo wa kusaga sukari ya maziwa, laktosi. Jamii za wafugaji kama Wamaasai wengi hubaki nao hadi uzeeni. Familia za wakulima wengi wao hupungukiwa. Dalili ni tumbo kujaa gesi, kunguruma na kuharisha, kuanzia nusu saa hadi saa mbili baada ya kunywa.

Usiyafute maziwa kwa hilo. Mpe mililita 100, pamoja na chakula, siku tatu mfululizo. Akiwa sawa, ongeza 50. Wengi wanaofikiri hawawezi kabisa huvumilia kikombe kimoja kikinywewa na chakula, na hushindwa tu wakinywa tumbo tupu asubuhi. Mtindi huwa rahisi zaidi, maana bakteria wake wameshakula sehemu ya sukari hiyo na huendelea kusaidia tumboni. Ila mtoto akitoka vipele, akivimba midomo au kope, akitapika au kuhema kwa shida mara baada ya maziwa, hiyo ni aleji, jambo jingine kabisa: acha maziwa na umpeleke hospitali.

Mtindi wa nyumbani

Kwa nyumba isiyo na friji, mtindi ni jibu zuri kuliko maziwa, na watoto wanaokataa maziwa ya moto huukubali.

Chemsha lita moja hadi yapande, punguza moto, uendelee kukoroga dakika tano hadi kumi. Maji yakipungua kidogo mtindi utakuwa mzito. Acha yapoe mpaka uweze kutumbukiza kidole kisafi na kuhesabu polepole hadi kumi bila kukitoa, joto la kama nyuzi 45. Chukua vijiko vikubwa viwili vya mtindi usio na sukari wala ladha, vikoroge na maziwa kidogo kwenye bakuli, kisha rudisha kwenye sufuria ukoroge taratibu. Mimina kwenye hotpoti au chupa ya chai uliyoisuuza kwa maji ya moto. Funika, uweke mahali usipotikiswa, saa sita hadi nane. Njombe, Limuru au kokote kwenye baridi, fungia blanketi na usubiri saa kumi au zaidi.

Ukiamka ukakuta bado ni maziwa, ama yalipoa mno kabla hujatia mbegu, yaani ule mtindi wa kuanzishia, ama mbegu ilikuwa imekufa. Mtindi wa dukani uliopashwa moto baada ya kugandishwa ili ukae muda mrefu hauna kitu hai cha kuanzishia. Ukikuta chembechembe na maji yamejitenga, ulitia mbegu maziwa yakiwa moto sana au umechelewa kuufungua; unalika tu, ukoroge. Ukivuta kama mlenda, ukiwa na povu, harufu kali ya ajabu au rangi ya pinki, mwaga, na mara nyingine uoshe chombo kwa maji yanayochemka.

Sukari itiwe kwenye bakuli la mtoto wakati wa kula, kijiko kimoja cha chai, au ponda ndizi mbivu. Kuhusu mgando wa kienyeji unaogandishwa kwenye kibuyu bila kuchemshwa: uchachu hauui kwa uhakika vijidudu vya brusela (ugonjwa wa mifugo unaompata mtu kwa maziwa mabichi) wala vya kifua kikuu cha ng'ombe. Chemsha kwanza, ndipo ugandishe. Kuchemsha hakupunguzi kalsiamu, na malai ya juu usiyatupe.

Uji, na kwa nini maziwa hukatika

Uji wa ulezi ulioungwa maziwa ni kifungua kinywa kizuri: kikombe chenye gramu 30 za unga na mililita 150 za maziwa kinafika miligramu 280. Pika unga na maji uive kabisa kwanza, dakika 15 hadi 20, kisha tia maziwa yaliyochemshwa mwishoni, uchemke dakika mbili, uepue. Maziwa yakitiwa mwanzo hushika chini ya sufuria na kunuka moshi, na mtoto atakataa uji kwa wiki nzima. Ukishakamulia ndimu au kutia ukwaju, maziwa yatakatika. Uji wa namna hiyo, au wa chachu, uungwe kwa mtindi baada ya kupoa.

Ulezi uliooteshwa au kuchachushwa hutoa madini yake kwa urahisi zaidi, kwa sababu fitati inayoyashikilia hupungua. Na tuache mtindo wa "unga wa lishe" wenye vitu kumi vilivyosagwa pamoja. Karanga ndani yake huharakisha kuvunda na huweza kubeba sumukuvu, na huwezi tena kujua ulezi umo kiasi gani.

Dagaa: maziwa ya asiye na ng'ombe

Hapa ndipo penye nguvu kwa nyumba ambayo maziwa ni ghali. Dagaa anayeliwa mzima, na mifupa yake, anampa mtoto kalsiamu halisi ya mfupa. Tatizo ni heshima: kuna nyumba zinamwita mboga ya mwisho wa mwezi, na Kenya, anakoitwa omena, wengine wanamwona chakula cha kuku. Mtoto husikia yote hayo. Mpike siku mshahara umetoka, mle wote, usiseme chochote.

Kwa mtoto mdogo au mbishi, tengeneza unga. Chagua dagaa wakavu wanaong'aa, wasio na ukungu wala harufu ya mafuta yaliyochacha. Waliokaushwa juu ya mchanga waoshwe kwa maji ya uvuguvugu, ukibadilisha maji mara tatu au zaidi mpaka usione mchanga umetuama chini ya beseni. Punje moja tu ya mchanga kwenye jino la mtoto inatosha kukuharibia kazi. Kama ni wa chumvi, waloweke nusu saa, kwa kuwa chumvi nyingi huiondoa kalsiamu mwilini kupitia mkojo. Wachuje, waanike, kisha wakaange bila mafuta kwa moto mdogo ukigeuza, dakika 10 hadi 15, mpaka ukimvunja mmoja kwa vidole alie "ka!". Asiyelia bado ana maji na ataota ukungu kwenye kopo.

Twanga au saga kwa blenda, kisha chekecha. Vile vijiti vinavyobaki juu ya chekeche ndiyo mifupa yenyewe. Wengi huvitupa, wakabaki na unga wa nyama. Virudishe kwenye kinu mara ya pili, na ya tatu. Hifadhi kwenye kopo kavu lenye mfuniko, utumie ndani ya wiki mbili au tatu.

Anza na nusu kijiko cha chai kwenye maharage, kisamvu au mboga ya karanga. Ongeza kidogo kila siku mbili mpaka kijiko kikubwa kwa sahani. Usianze na uji. Harufu ya dagaa kwenye uji mtamu huwashtua watoto wengi, na ukishawashtua utaanza upya.

Kuhusu mboga za majani, sukuma wiki na chainizi hutoa kalsiamu inayoingia mwilini vizuri sana, hata kuzidi ya maziwa kwa uwiano. Spinachi na mchicha zinayo nyingi kwenye karatasi lakini oksalati huishikilia. Wape watoto kwa faida zake nyingine, ila usiihesabu.

Vyeupe visivyo maziwa

Tui la nazi ni jeupe na tamu, ila kalsiamu yake ni kidogo mno. Maziwa ya soya yasiyoongezwa madini vilevile. Unga wa kutia kwenye kahawa si maziwa ya unga, na vinywaji "vyenye ladha ya maziwa" vingi ni maji na sukari: soma nyuma ya pakiti, tafuta kalsiamu kwa mililita 100, na ikiwa chini ya miligramu 100 jua umenunua kinywaji tu.

Kupita kiasi nako kuna madhara

Chini ya miezi sita ni maziwa ya mama tu, na kunyonya kuendelee hadi miaka miwili au zaidi. Kabla ya mwaka mmoja maziwa ya ng'ombe yasichukue nafasi ya ya mama. Kama mtoto hanyonyi, panga na mhudumu wa kliniki atumie nini. Baada ya mwaka, kwa mtoto chini ya miaka mitano, vikombe viwili, yaani mililita 500 kwa siku, vinatosha. Anayekunywa lita nzima hushiba maziwa, hagusi nyama wala maharage, na huishia kupungukiwa damu. Kalsiamu pia huzuia madini ya chuma yasiingie vizuri, kwa hiyo kikombe kikubwa kikae saa nne asubuhi au saa kumi jioni, mbali na mlo wa nyama au maini na mbali na dawa ya kuongeza damu. Jioni hiyo mtoto awe ameshacheza nje pia, kwa kuwa bila jua ngozi haitengenezi vitamini D, na bila hiyo kalsiamu haiingii vizuri.

Wa miaka 10 na kuendelea

Miligramu 1300 haziji kwa kikombe kimoja. Mfano wa siku inayofika: kikombe cha maziwa 250 asubuhi (300), sukuma wiki kikombe kimoja mchana (200), mtindi 250 akitoka shule (300), uji wa ulezi na maziwa saa kumi na mbili (280), dagaa wakavu gramu 15 usiku (300). Ondoa kimoja tu, tayari amepungua.

Wakenya waliosoma shule ya msingi miaka ya 1980 wanakumbuka maziwa ya Nyayo, maziwa ya bure ya shuleni yaliyoanza 1979: pakiti ya mililita 200 mkononi, hakuna aliyeulizwa kama anapenda. Siku hizi mtoto anaondoka na pesa ya matumizi, na pesa hiyo inaishia kwenye soda na chipsi. Badala ya kukataza, gawanya: nusu mpe pesa, nusu mpe mtindi kwenye chupa yenye mfuniko wa kukaza, iliyolala usiku kwenye friji. Msichana aliyeanza kuogopa kunenepa usimwambie maziwa hayanenepeshi, hatakuamini. Mpe mtindi usio na sukari na mle naye.

Matege kwa mtoto chini ya miaka miwili mara nyingi hunyooka yenyewe. Yakiendelea baada ya hapo, au yakiongezeka, au ukiona vifundo vya mikono vimevimba, mtoto anachelewa kutembea au analia miguu inauma, mpeleke hospitali apimwe. Vidonge vya kalsiamu usimwanzishie kwa kubahatisha kutoka duka la dawa.